Maua mengi, maboga hakuna: sababu ni nini?



Musimu huu tulifika kwenye shamba moja la wamama, huku Kivu ya Kusini, tukakuta ugomvi. Walikuwa wamepanda maboga makubwa kwa kredi ya mbegu. Majani yalienea vizuri, maua ya manjano yalikuwa kila mahali, lakini matunda yalianguka yakiwa bado kama yai. Wamama walisema: «Mbegu ni mbaya, hatutalipa.» Komite ilijibu: «Mutalipa.» Tuliomba wote tuingie shambani pamoja kesho yake, saa moja ya asubui.

Maua ni ya namna mbili

Muti mumoja wa boga uko na maua ya kiume na ya kike. Ua la kiume liko na kikonyo kirefu, chembamba, na ndani yake kuna unga wa manjano. Ua la kike, chini yake kuna kaboga kadogo tayari. Maua ya kiume njo yanatangulia. Yakianguka siku za kwanza, musiogope, ni kawaida.

Ule unga ni muzito na unanata, upepo hauwezi kuubeba. Nyuki njo wanaupeleka. Tena ua la kike linafunguka asubui moja tu. Kufika mchana limekwisha kufunga. Kama nyuki hawakupita, kaboga kanageuka manjano, kanaoza na kuanguka. Unga ukifika kidogo tu, boga linaweza kukomaa limepinda.

Tulisimama pale saa nzima. Nyuki hata mumoja hatukuona. Katikati ya maboga kulikuwa maharagwe, na dawa ya wadudu ilikuwa inapigwa kila mara asubui, maua yakiwa wazi. Mbegu haikuwa na kosa.

Sababu zingine

- Mvua ya asubui: nyuki hawatoki, na unga unalowa.
- Urea ao samadi kupita kiasi: majani yanakuwa mengi, matunda machache.
- Kukata bishusha sana: majani njo yanalisha boga, na maua ya kike yanatokea zaidi mbele kwenye ncha. Chuma majani machache, acha ncha.
- Muti umekwisha kubeba: ukiwa na maboga makubwa mawili ao matatu, mengine unayaangusha wenyewe. Mwenye kutaka boga kubwa sana, aache moja tu.
- Inzi wa matunda: pasua kaboga kenye kameanguka. Ukikuta minyoo ndani, kosa si la nyuki. Okota yote, yafukie chini sana.

Kusaidia kwa mukono

1. Jioni, angalia maua ya kike yenye ncha imeanza kuwa manjano. Hayo yatafunguka kesho.
2. Asubui, mbele ya saa tatu, chuma ua la kiume lenye limefunguka siku ile. Ondoa majani yake ya manjano, ubakize kile kijiti chenye unga.
3. Pakaza unga polepole pande zote za katikati ya ua la kike. Ukiwa na maua ya kiume mawili, ni vizuri zaidi.
4. Funga kakamba ka alama kwenye kikonyo. Kiisha juma moja, kaboga kenye kushika kanaonekana kamenenepa.

Na dawa? Kwanza hakikisha kama inahitajika kweli. Kama ni lazima, piga jioni, maua yakiisha kufunga na nyuki wamerudi.

Wale wamama walifunga kamba zao. Tuliporudi, mengi ya maboga yenye kamba yalikuwa yanakua. Lakini nusu ya musimu ilikuwa imepotea, na hiyo hatukuweza kuirudisha. Komite ilikubali kungoja malipo mpaka mavuno yanayofuata.

Basi, mbele ya kuhukumu mbegu ao jirani, amkeni mapema, muingie shambani, muhesabu nyuki.