Gitaa la kuagiza: Arbuni yaweza kukutia hasara kabla nyuzi hazijafungwa

Na Mwandishi Wetu, Songea

WAFANYABIASHARA wadogo wanaopokea fedha za watu ili kuwaagizia vifaa vya muziki kwa vipimo maalum wameshauriwa kutotoa arbuni kabla ya kuandikiana na wakala juu ya mambo manne: vipimo, sarafu, muda na nani atabeba hasara. Ushauri huo umetolewa na mfanyabiashara mmoja wa mahindi wa Bombambili, katika Manispaa ya Songea, ambaye hadi sasa ana gitaa jipya linaloning'inia dukani kwake nyuma ya magunia, na hana mnunuzi.

Mfanyabiashara huyo, aliyeomba jina lake lihifadhiwe, aliuambia ukurasa huu kuwa kwaya moja ya jirani ilichanga fedha kwa muda mrefu na kumkabidhi yeye kwa kuwa husafiri Dar es Salaam mara kwa mara. Walitaka gitaa kavu la kutengenezwa kwa oda, lenye ubao wa vidole wa mpingo. Alimpata wakala mjini, akalipa arbuni ya nusu ya bei, akarudi Songea na risiti yenye mstari mmoja tu: "Gitaa moja, oda maalum."

Miezi ilipita. Msimu wa kununua mahindi ulipoanza, simu ya wakala ikaingia: dola imepanda, ongeza fedha au oda isimame. Akaongeza, akitoa katika mtaji wa mahindi. Gitaa lilipofika kwa basi na kufunguliwa mbele ya wanakwaya, mpigaji alilipakata mara moja tu na kulirudisha. Yeye hutumia mkono wa kushoto. Gitaa lilikuwa la mkono wa kulia.

"Nilimwambia wakala kwa simu, na nina hakika nilimwambia," alisema mfanyabiashara huyo. "Lakini kwenye karatasi halipo. Karatasi ndiyo iliyonisuta."

Ukurasa huu umeifuatilia biashara hiyo kwa sababu haihusu magitaa peke yake. Mashine ya kusaga, jokofu la duka, samani za hoteli: kila kinachotengenezwa kwa oda kupitia mtu wa kati hufuata njia hiyo hiyo, na mitego yake ni ile ile.

KWA NINI WAKALA?

Mteja wengi huuliza kwa nini wasiagize moja kwa moja kiwandani. Jibu ni kwamba viwanda vikubwa havikujengwa kwa utaratibu huo. Kampuni ya C. F. Martin ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1833, hupokea oda maalum za magitaa kupitia wauzaji wake walioidhinishwa. Muuzaji ndiye anayejaza fomu ya vipimo, ndiye anayedaiwa na kiwanda, na ndiye anayekabidhiwa mzigo.

Utaratibu huo una faida kwa mnunuzi. Muuzaji mzoefu anajua maswali ya kuuliza: upana wa shingo, urefu wa nyuzi, aina ya mbao za mgongo na ubavu, mkono wa mpigaji, kama kutakuwa na kifaa cha kuunganisha na spika. Lakini una gharama pia. Kila mkono unaopitisha mzigo hukata chake, na kila mkono ni nafasi nyingine ya ujumbe kupotea. Kwa mteja wa Songea, mikono huwa mitatu: kiwanda, muuzaji wa nje na wakala wa Dar es Salaam. Katika kisa hiki ilikuwa minne, kwani mfanyabiashara wetu naye alikuwa wakala wa kwaya bila kujijua.

Kitu cha oda maalum kwa kawaida hakirudishwi, kwa kuwa muuzaji hana uhakika wa kumpata mteja mwingine mwenye matakwa yale yale. Kwa hiyo kosa la fomu hubaki kwa yule ambaye karatasi inamwonyesha kuwa amelifanya.

Baadhi ya mafundi walisema nyuzi zingeweza kugeuzwa. Ni kweli kwa sehemu tu. Mfupa wa juu wenye mikato ya nyuzi lazima ubadilishwe, kipande cha chini kinachobeba nyuzi kimewekwa kwa mshazari wa upande mmoja, na papi zilizobandikwa ndani ya kifua cha gitaa hazilingani kushoto na kulia. Gitaa litalia, lakini halitakuwa lile lililolipiwa.

HESABU YA OFISINI

Tuchukue mfano wa hesabu, si bei ya duka lolote. Gitaa la oda linauzwa dola 2,000 huko nje. Arbuni ni nusu, yaani dola 1,000. Siku ya arbuni dola ni sh. 2,500, siku ya kumaliza deni imefika sh. 2,700.

Arbuni itakuwa sh. 2,500,000 na salio sh. 2,700,000. Jumla ni sh. 5,200,000. Mteja aliyepiga hesabu yake yote siku ya kwanza alitegemea sh. 5,000,000, hivyo amepoteza sh. 200,000 bila mtu yeyote kumwibia.

Ongeza nauli ya ndege na bima, tuseme dola 250, sawa na sh. 675,000. Forodha hukokotoa kodi kwa thamani ya mzigo pamoja na nauli na bima yake. Katika mfano huu ni dola 2,250, au sh. 6,075,000. Kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 juu ya kiasi hicho peke yake ni sh. 1,093,500. Ushuru wa forodha nao upo, na ukishaingia, kodi ya ongezeko la thamani hutozwa juu yake pia. Wakala wa Dar es Salaam akichukua asilimia 10 ya bei ya gitaa, ni sh. 540,000 nyingine.

Jumla inafika sh. 7,508,500 kabla ya ushuru, tozo za uwanjani, malipo ya wakala wa forodha na nauli ya basi ya zaidi ya kilomita 900 kuja Songea. Kwa mfanyabiashara wa Bombambili anayekadiria kilo ya mahindi sh. 700, hayo ni magunia zaidi ya 107 ya kilo 100.

Kuna gharama nyingine isiyoandikwa kwenye risiti yoyote. Mkoa wa Ruvuma huishi kwa msimu. Sh. 2,500,000 zilizolala kwa wakala wakati wa mavuno zingeweza kununua kilo 5,000 za mahindi kwa sh. 500. Yakiuzwa baadaye kwa sh. 700, tofauti ni sh. 1,000,000 kabla ya kutoa gharama za magunia, dawa, ghala na usafiri. Anayetoa arbuni mwezi wa Juni na anayetoa mwezi wa Desemba hawalipi bei moja, hata kama risiti zao zinafanana.

DOLA AU SHILINGI?

Jambo ambalo wateja wengi hawalijui ni kwamba wakala aliye nchini hana haki ya kukutajia bei kwa dola. Kanuni za matumizi ya fedha za kigeni zilizotangazwa Machi 2025 zimepiga marufuku kutangaza bei na kupokea malipo ya bidhaa na huduma ndani ya nchi kwa fedha za kigeni. Wakala wa Dar es Salaam anayekuuzia gitaa anapaswa kukupa bei ya shilingi.

Hii ni nafuu kwa mnunuzi akiitumia vizuri. Mwambie wakala aandike bei ya shilingi isiyobadilika mpaka siku ya kukabidhiwa mzigo. Akikataa kwa hofu ya dola, basi muandikiane mgawanyo: kwa mfano, kupanda kwa hadi asilimia tano atabeba yeye, na kinachozidi hapo mtagawana nusu kwa nusu. Wakala makini atakubali, kwa sababu dola hushuka pia. Asiyetaka kuandika lolote anataka faida ya kushuka ibaki kwake na hasara ya kupanda ije kwako.

MTI NI WETU, BEI NI YAO

Kinachowauma wengi waliozungumza na ukurasa huu ni kwamba mpingo wenyewe unaota mkoani humu. Misitu ya Tunduru na Namtumbo inao. Kwa nini mtu wa Songea anunue kwa dola ubao uliotoka nyuma ya nyumba yake?

Sababu ya kwanza ni mti wenyewe. Mpingo hukua polepole, kwa miaka 70 hadi 100 kabla ya kufaa kuvunwa kwa ala za muziki. Ni mzito kiasi cha kuzama majini, shina lake ni jembamba, lina vifundo na mara nyingi lina mashimo katikati. Mgongo wa gitaa hutaka kwa kawaida mbao mbili safi zenye upana wa karibu sentimita 20 kila moja, na magogo ya kutoa upana huo ni adimu. Ndiyo maana mpingo umejulikana zaidi kwa klarineti na obo, ambazo huhitaji vipande vidogo. Kwenye gitaa, nafasi yake rahisi ni ubao wa vidole, wenye upana wa sentimita saba hivi, na kipande cha kushikia nyuzi.

Sababu ya pili ni ukaushaji. Ubao usiokaushwa vizuri hupinda au kupasuka baada ya gitaa kukamilika. Mafundi wa magitaa hufanya kazi katika vyumba vyenye unyevu wa hewa wa asilimia 45 hadi 50 hivi. Gitaa linalotoka joto la pwani na kuingia kiangazi cha Songea bila sanduku lake laweza kupata ufa katika wiki chache.

Sababu ya tatu ni sheria. Usidhani unaweza kufunga ubao wa mpingo kwenye kifurushi na kumtumia fundi wa Ulaya. Magogo hayaruhusiwi kutoka nchini bila kuchakatwa. Mbao zinazosafirishwa lazima ziwe na hati za Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS). Aidha, tangu Januari 2, 2017 mpingo na jamaa zake wote wamo katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa kimataifa wa CITES, ambacho hudai kibali cha kusafirisha nje. Tangu Novemba 26, 2019 ala za muziki zilizokamilika zenye miti hiyo ziliondolewa sharti hilo, isipokuwa zile zenye mti wa Brazili uitwao Dalbergia nigra, uliomo katika Kiambatisho cha Kwanza tangu mwaka 1992. Kwa lugha nyepesi, gitaa la mpingo lililokamilika husafiri kirahisi kuliko ubao wa mpingo.

Wanaopuuza karatasi za mbao hulipia. Mwaka 2012 kampuni ya magitaa ya Gibson ya Marekani ilikubali kulipa adhabu ya dola 300,000 na mchango wa dola 50,000 kwa hifadhi ya misitu, kufuatia uchunguzi wa mbao zilizotoka Madagaska na India.

Kwa mwekezaji mdogo, hapo ndipo fursa ilipo. Mwaka 2009 vijiji vya Kilwa vilivyoshirikiana na shirika la MCDI viliingia katika cheti cha FSC cha misitu inayovunwa kwa utaratibu, na kuonyesha kuwa mpingo wa kijiji unaweza kumfikia mtengeneza ala ukiwa na historia yake kamili. Nchini Kameruni, kampuni ya Taylor na mshirika wake wa Hispania walinunua kiwanda cha kupasua mbao za ebony cha Yaoundé mwaka 2011 na kuanza kuchonga vipande vya magitaa huko huko. Faida ipo kwenye kupasua, kukausha na kukata kwa kipimo. Lakini ni biashara ya mtaji wa kungoja, kwani ubao unaokauka haulipi mkopo wa mwezi huu.

KABLA YA KUTOA ARBUNI

Fomu ya vipimo ijazwe kwa maandishi na isainiwe na mpigaji mwenyewe, si na mtu anayemlipia. Arbuni isizidi theluthi pale unapoweza kushindana, na salio lilipwe baada ya kuona picha za gitaa lililokamilika, mbele na nyuma. Tarehe ya mwisho iandikwe, pamoja na kitakachofanyika ikipita. Fedha ipite benki au simu kwa jina la biashara. Ukidhulumiwa, risiti hizo ndizo utakazopeleka Tume ya Ushindani (FCC) au mahakamani.

Mwisho, anayepokea fedha za wenzake ajue kuwa yeye ndiye muuzaji machoni pao. Mfanyabiashara wa Bombambili hakubishana na kwaya. Anawarudishia fedha zao kila akiuza mahindi, na amebakiza awamu mbili.

"Mwenyekiti wao alikuja akasema, 'Mzee, tusubiri tu, gitaa litauzika,'" alisema. "Nikamwambia hapana, mwanangu. Ninyi hamkuandikiana na wakala. Mliandikiana na mimi."

Gitaa hilo bado linauzwa. Ni zima, lina sanduku lake, na ni la mkono wa kulia.