Furaha ya Majilio Katika Miji ya Mpakani

Mtu asimamaye Malaba mwezi wa Desemba huona malori yamepangana barabarani, yametoka bandari ya Mombasa na kuelekea Kampala, Kigali, Juba na mashariki ya Kongo. Madereva huketi kivulini mwa magari yao, wakingoja karatasi zao zikaguliwe. Kusini yake, katika mji wa Busia, wanawake huvuka na mizigo ya mihogo, nafaka na samaki, nao pia hungoja zamu zao. Ni miji michache ya Kenya ijuayo kungoja kama miji hii miwili.

Majilio nayo ni majira ya kungoja. Ni Jumapili nne zinazotangulia Noeli, ambazo Wakatoliki, Waanglikana na Walutheri huzishika ili kumwandalia Bwana njia. Jumapili ya tatu huitwa ya furaha. Siku hiyo padri wa Kikatoliki aweza kuvaa rangi ya waridi badala ya zambarau, na jina la siku hiyo latokana na agizo la Mtume Paulo kwa Wafilipi, kwamba wafurahi katika Bwana sikuzote. Ifaa kukumbuka ya kuwa Paulo aliandika maneno hayo akiwa kifungoni, akingoja hukumu ambayo hakujua itakuwaje. Basi furaha aliyoiagiza haikuwa furaha ya mtu aliyekwisha kupata kila atakacho.

Desemba ina furaha nyingine pia, nayo hununuliwa. Jamaa hurudi kutoka Nairobi, kuku huchinjwa, watoto huvishwa nguo mpya. Hayo si mabaya, na kijiji kisicho na sikukuu ni kijiji chenye huzuni. Walakini mara nyingi furaha hiyo hulipiwa kwa vitu ambavyo havikupasa kuuzwa. Mkulima aliyeweka magunia machache ya mahindi huyauza yote kabla ya Noeli, na majira ya kupanda yakifika huenda sokoni kununua chakula kwa gorogoro, kwa bei ya juu kuliko ile aliyouzia. Karani naye hukopa fedha za mshahara ambao bado haujafika. Kisha Januari yaja, shule zafunguliwa, karo yadaiwa, na nyumba iliyojaa vicheko yajaa manung'uniko. Furaha ya namna hii haivuki mwaka.

Je, iko furaha ivukayo? Kanisa hutoa jibu ambalo lawahusu sana watu wa mpakani. Masomo ya misa hufuata mzunguko wa miaka mitatu, na katika mwaka wa Injili ya Luka, Jumapili hiyo ya furaha husomwa habari za Yohana Mbatizaji. Ndivyo ilivyokuwa tarehe 12 Desemba 2021, na tena tarehe 15 Desemba 2024. Makutano walimwuliza Yohana wafanye nini. Mwenye kanzu mbili aliambiwa ampe asiye nayo, na mwenye chakula afanye vivyo hivyo. Kisha wakaja watoza ushuru. Yohana hakuwaamuru waiache kazi yao. Aliwaambia wasitoze zaidi ya kiasi kilichowekwa. Askari nao waliambiwa wasimdhulumu mtu wala kumsingizia, bali waridhike na mshahara wao.

Msomaji aweza kustaajabu kwamba habari za ushuru na mishahara husomwa siku ya furaha. Lakini na afikiri juu ya nyumba mbili zinazomngoja mgeni mmoja. Katika nyumba ya kwanza yumo mtu aliyeficha mali ya jirani chini ya kitanda. Katika ya pili yumo mtu asiye na mali ya mwingine. Mgeni akibisha hodi, wa kwanza hushtuka, na wa pili hukimbilia mlango. Mgeni ni yule yule na hodi ni ile ile. Kilicho tofauti ni dhamiri za wale wanaongoja.

Hapo ndipo fundisho la Yohana liingiapo Busia na Malaba. Karani mwenye mhuri mkononi, mama akiona fedha yake inahitajiwa kando ya ushuru wa halali, amemnunulia mtoto wake nguo ya Noeli kwa machozi ya mtoto wa mwingine. Mfanya biashara aliyebonyeza kitako cha gorogoro lake ili lipungue ujazo hawezi kuimba kwa moyo mweupe Jumapili inayofuata. Kadhalika mkulima aliyesogeza mpaka wa shamba la ndugu yake aweza kupika pilau, lakini hawezi kumwalika ndugu huyo aje kula. Watu hawa hawakukosa sikukuu, walikosa amani ya kuifurahia.

Yafaa kusema ya kuwa serikali za Kenya na Uganda zimejitahidi kupunguza taabu ya kungoja. Mwezi wa Februari 2018 marais wa nchi hizo mbili walifungua rasmi kituo cha pamoja cha mpakani huko Busia, ambapo msafiri hukaguliwa mara moja tu, katika nchi aingiayo. Hata hivyo kungoja hakukwisha. Mwezi wa Januari 2022, madereva walipogomea malipo ya kupimwa ugonjwa wa Korona upande wa Uganda, msafara wa malori ulirudi nyuma makumi ya kilomita ndani ya Kenya. Ofisi njema hufupisha safari, na watu wote huishukuru, lakini hakuna ofisi iwezayo kumpa mtu utulivu wa moyo msafara usimamapo.

Jambo hili si geni katika nchi hizi. Uamsho ulioanza Gahini, nchini Rwanda, katika miaka ya 1930, ulienea Uganda na kuvuka hadi Kenya kabla ya mwaka 1940. Wafuasi wake, walioitwa Balokole kwa Kiganda, walijulikana kwa uimbaji wao wa furaha, na wimbo wao wa Tukutendereza umeenea Afrika Mashariki yote. Lakini walijulikana pia kwa jambo lingine: waliungama makosa yao hadharani, wakarudisha vitu walivyoiba na kulipa madeni waliyoyakana. Kuimba kwao na kurudisha kwao vilikwenda pamoja. Hata Zakayo, mkubwa wa watoza ushuru, alimpokea Yesu nyumbani kwake kwa furaha, na siku hiyo hiyo akaahidi kurudisha mara nne kwa kila aliyemdhulumu.

Basi majuma manne ya Majilio yatosha kwa kazi ndogo zenye matunda makubwa. Mkulima na atenge kwanza magunia ya chakula na mbegu, kisha ndipo auze yanayobaki kwa ajili ya sikukuu. Mzazi na aweke karo kando kabla ya kununua nguo. Mwenye deni na amwendee anayemdai, hata kama ana nusu tu mkononi, amwambie kweli. Mwenye kipimo kilichobonyea na akitupe. Walionuniana na wasalimiane kabla ya mkesha, maana ni vigumu kumngoja Mfalme wa Amani huku mtu akimkwepa jirani yake njiani.

Atakayefanya hivyo huenda meza yake ya Noeli ikawa na ugali na mboga tu. Lakini Januari itakapokuja na karo zake na kodi zake, itamkuta hana mtu wa kumkimbia. Naye hodi ikipigwa, hatauliza kwanza ni nani, atafungua.