Pilipili ya Mbwa Kali

Swali hili huja kwa simu, na mara nyingi huja usiku. Wiki hii limekuja mara tatu, mara mbili kutoka Kawangware na mara moja kutoka Laini Saba, Kibera. "Daktari, nina German Shepherd wa miezi minane. Nimpatie pilipili ngapi ndio awe mkali?" Anayeuliza hana shaka hata kidogo kwamba pilipili hufanya kazi. Anataka kipimo tu, kama mtu anayeuliza dawa ya minyoo ni tembe ngapi.

Mwaka mmoja hivi ukipita, mtu yuleyule hupiga tena. Mbwa sasa ana kilo 38. Amemrarua mpangaji suruali, amemkimbiza mtoto wa mama mboga hadi mtaroni, na mwenye ploti amesema mbwa atoke kabla ya mwisho wa mwezi, la sivyo atoke pamoja na mwenyewe. Safari hii anauliza: "Daktari, nimpatie nini apoe?"

Mimi huwa na jibu moja kwa maswali yote mawili, na hakuna anayelipenda.

Tuanze na pilipili, maana ndiyo sugu. Inaaminika kwamba pilipili zikipondwa na kufichwa ndani ya ugali, damu ya mbwa huchemka na hasira humkaa. Wapo wanaoongeza baruti. Wapo wanaotuma kijana machinjio ya Dagoretti kuleta damu mbichi ya kuchanganyia. Tusijione wa ajabu, kwani kusini mwa Marekani pia kuna watu waliowalisha mbwa wao pilipili na baruti kwa imani hiyohiyo. Ujinga huu una jamaa mbali.

Kinachowasha ndani ya pilipili kinaitwa kapsaisini. Chenyewe si ladha. Huamsha mishipa ya fahamu inayopokea maumivu na joto, ileile inayokupigisha kelele ukimwagikiwa chai ya moto. Ulimi wa mbwa una vionja ladha 1,700 hivi, wetu una kama 9,000, kwa hiyo ule utamu unaokufanya uombe kachumbari iongezwe pilipili haupati sawasawa. Moto anaupata wote. Unaanzia mdomoni, unapita tumboni na, wanisamehe walio mezani, unamalizikia mwisho wa safari. Mbwa hutoa mate, huharisha, hulamba sakafu, huinama juu ya maji na asikate kiu. Hakuna njia inayoitoa kapsaisini tumboni ikafike kichwani na kumwonyesha mbwa mwizi ni yupi na shemeji ni yupi.

"Lakini daktari, wa jirani alipewa na akawa mkali kweli." Sikatai. Nami nimewaona. Hebu tufuate hiyo sufuria, basi. Jumatatu inaletwa na mtu. Mbwa anakula, anaungua. Jumanne inaletwa na mtu yuleyule, na njaa inamlazimisha, anakula, anaungua tena. Kufikia Ijumaa, akisikia tu nyayo na mlio wa kifuniko, mbwa anarudi nyuma, masikio yamelala, mkia umebanwa katikati ya miguu, meno nje. Bwana anamwita mkewe kwa furaha: "Njoo uone, dawa imeshika!" Imeshika kweli. Mbwa amefundishwa kwamba mkono wa binadamu unaokaribia huja na maumivu, na mkono wa kwanza aliofundishiwa ni wa huyo bwana. Ndiyo maana baadhi ya wanaokuja kliniki kuniuliza jinsi ya kumpoza mbwa huja wamefungwa bandeji, na bandeji huwa kwenye mkono uleule uliokuwa ukikoroga ugali.

Bangi nayo tuimalize haraka. Ubongo wa mbwa, hasa sehemu ya nyuma inayosimamia mwendo na usawa wa mwili, una vipokezi vingi sana vinavyonaswa na kemikali ya bangi. Mbwa aliyelishwa bangi huyumba, husinzia amesimama, hujikojolea bila habari, na ukipiga makofi karibu naye hushtuka kama aliyeota jinamizi. Niliwahi kuletewa mmoja juu ya mkokoteni kutoka upande wa Congo, pale Kawangware. Mwenyewe aliapa kwamba adui amemtilia sumu. Ilichukua nusu saa nzima kabla ya kijana wake, akitazama viatu vyake, kukiri nani alimtilia nini na kwa sababu gani. Mwizi angemruka mbwa yule na kumtakia usiku mwema.

Hapo wengi hukubali kuacha pilipili na bangi, wakabaki na desturi ya tatu, na hii ndiyo inayoniudhi kuliko zote kwa sababu hata wasomi huifuata: banda la giza. Mbwa hufungiwa alfajiri ndani ya mabati yasiyo na dirisha, hufunguliwa saa nne usiku, "asizoee watu". Hii haihitaji kukisiwa. John Paul Scott na John Fuller walilea mamia ya mbwa kule Bar Harbor, Marekani, wakachapisha matokeo mwaka 1965. Mtoto wa mbwa ana kipindi kifupi, kuanzia wiki ya 3 hadi ya 12 hivi, cha kujifunza ulimwengu una nini. Anachokutana nacho kwa amani wakati huo huwa cha kawaida kwake. Asichokutana nacho humtisha maisha yake yote, au hadi mtu afanye kazi ngumu ya kumtoa hofu hiyo.

Kwa hiyo mbwa asiyezoea watu hana uadui maalumu na mwizi. Anamwogopa mwizi, anamwogopa fundi wa stima, anamwogopa mwanao akirudi likizo amevaa kofia. Na unamfugia wapi? Kibera, ambako familia nzima hulala chumba cha futi kumi kwa kumi, na kichochoro ni chembamba hivi kwamba wawili wakikutana, mmoja hugeuka ubavu. Ukali wa namna hiyo unafaa labda ranchi ya Laikipia. Mtu anayefuga mbwa Kibera anahitaji mbwa aliyekwishaona kila kitu: mitungi ya maji, treni, ngoma za mazishi, mlevi anayeimba.

Nimesema hofu, na najua wenye mbwa wakubwa hawalipendi neno hilo. Mbwa anayeruka na kubweka kwa kila apitaye wanamwita jasiri. Kibao langoni kinasema MBWA KALI (mwalimu wangu wa Kiswahili hakuwahi kupita pale bila kunung'unika kwamba mbwa ni mkali) na wao wanasimama nyuma yake kifua mbele. Mbwa jasiri huwa ametulia. Hunusa, hutazama, hubweka akiwa na sababu, kisha hunyamaza. Yule anayetoa povu anaomba jambo moja tu: ondoka.

Nani amemfundisha kwamba ombi hilo hukubaliwa? Mwezi uliopita nilikaa saa moja kwenye stuli ya kibanda cha chai, Gatina, mkabala na nyumba ya mteja. Uzio ni wa mabati, na chini yake kumebaki mwanya wa kiganja kimoja. Ilikuwa saa tisa alasiri, shule zimetoka. Mtoto wa kama darasa la tatu aliokota kijiti, akakiburuza juu ya mabati kuanzia kona hadi kona, krrrrrr. Pua nyeusi ikatokea mwanyani, vumbi likaruka, mabati yakatikisika. Watoto walipiga mayowe ya raha na kukimbia. Mbwa akakohoa, akatikisa mwili, akarudi kujilaza. Dakika mbili hazikupita, bodaboda. Akabweka, ikaenda. Mama mwenye karai la omena. Akabweka, akaenda. Nilihesabu wapita njia 74. Wote walikuwa na safari zao na wangepita hata kama ndani kungekuwa na kuku. Mbwa hajui hilo. Kwa hesabu yake amepigana vita 74 kwa saa moja na kushinda vyote.

Mteja alikuwa amelipa mtu aje Jumamosi mbili kumfundisha mbwa "adabu" kwa fimbo. Wiki ina siku saba, na walimu wengine walikuwa njiani kila siku bila malipo. Halafu siku lango likisahaulika wazi, na mtu asiondoke haraka inavyotakiwa, tunasikia mbwa "amebadilika ghafla".

Fimbo yenyewe ina hasara yake. Kunguruma ni honi. Mbwa akichapwa kila akinguruma, mtakuwa na gari lisilo na honi lakini breki bado ni mbovu. Anayeuma bila kutoa sauti hufanyizwa hivyo, hazaliwi hivyo.

Sasa mlichotaka, upesi, maana nafasi yangu inaisha.

Ziba mwanya wa uzio leo, hata kwa magunia na vipande vya mbao. Hamisha banda kutoka langoni hadi nyuma ya nyumba, ulikate dirisha. Mbwa akibadilika tabia ukubwani bila sababu, mlete apimwe kwanza, maana sikio lenye usaha au nyonga inayouma hung'ata kama hasira. Tupa mnyororo wa shingoni, nunua mkanda wa kifuani. Nunua pia kikapu cha mdomoni kinachomwachia nafasi ya kuhema na kunywa maji, si kile cha kitambaa kinachobana taya, na umzoeshe kwa kumlishia ndani yake wiki nzima kabla ya kukifunga. Mtoe saa nne asubuhi, watoto wakiwa darasani. Usimtoe alfajiri, wakati reli ya Kibera imejaa watu wanaotembea kwenda Industrial Area. Beba mapafu ya ng'ombe yaliyochemshwa na kukatwa vidogo kama punje za mahindi. Tafuta umbali ambao anamwona mtu na bado anakubali kula. Mtu akitokea, mapafu. Mtu akitoweka, mapafu yanakwisha. Akikataa nyama uko karibu mno, rudi nyuma hatua kumi. Dakika kumi kwa siku zinatosha. Itachukua miezi, na ukiniuliza ni miezi mingapi nitakata simu.

Kuhasi kunapunguza kuzurura na kupigania majike, lakini hofu hakuitibu. Msaada uko karibu kuliko mnavyodhani: kliniki ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Nairobi iko Kabete, hatua chache kwa matatu kutoka Kawangware, na wa Kibera wana KSPCA, shirika la kutetea wanyama, kule Karen. Anayeishi chumba kimoja na anaota Boerboel, aendelee kuota. Kazi ya mbwa wa nyumba ni kukuamsha, na mbwa wa kienyeji wa kilo 15 anaifanya vizuri, tena anashiba makombo.

Chanjo ya kichaa cha mbwa ni kila mwaka, haina mjadala. Serikali ilizindua mwaka 2014 mpango wa kukomesha vifo vya watu kwa ugonjwa huo ifikapo 2030, na hautafika popote ikiwa mbwa wako amekaa gizani miaka mitatu bila kuonwa na sindano. Mtu akiumwa, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, kisha hospitali siku hiyohiyo, na sindano zifuatwe hadi ya mwisho. Ugonjwa ukishaonyesha dalili, karibu hakuna anayepona. Msipake mafuta ya taa. Msipake pilipili, ndiyo, hata hapo huwa naikuta. Wala msikimbilie kumuua mbwa na kumtupa. Kama anaweza kufungwa salama, afungwe siku kumi na sisi tumwangalie. Akiwa bado mzima siku ya kumi, hakuwa na virusi mateni siku aliyouma, na hilo daktari wa hospitali anahitaji kulijua.

Yule mteja wa Gatina alinisikia nusu. Kikapu bado hajanunua, lakini mwanya ameuziba kwa mbao za makreti na banda ameligeuzia nyuma. Nilipita juzi saa tisa. Mtoto alikuja na kijiti chake, akaburuza mara moja, akasikiliza. Akaburuza tena. Ndani kimya. Akaenda na kundi lake kwenye lango la tatu kutoka pale, ambako kuna Rottweiler mchanga.

Mwenye Rottweiler alinipigia simu jana usiku. Ameuliza kuhusu baruti.