Ufa Usizibwe Upesi

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii hutiiwa kwa bidii, hasa wiki moja kabla ya mgeni rasmi: lipu kidogo, rangi juu yake, jengo limepona. Kwa ukuta wa udongo ushauri ni mzuri. Kwa zege lenye nondo, kuziba ufa kabla ya kuuliza umetoka wapi ni kumfunika mgonjwa shuka na kusema amelala.

Mkazi wa Hanga, mkoani Ruvuma, anaweza kudhani kutu ya nondo ni shida ya Pwani, ambako chumvi ya bahari hupenya zegeni. Lakini hewa haina mkoa. Nondo hulindwa na alkali ya saruji, ambayo pH yake katika zege jipya hukaribia 13. Hewa ya ukaa hupenya taratibu na kuidhoofisha. pH ikishuka chini ya 9, kinga imekwisha, na unyevu wa masika humalizia kazi. Kutu hutaka nafasi mara mbili hadi sita ya chuma ilichokila, kwa hiyo zege hupasuliwa kutoka ndani.

Monasteri ya Wabenediktini ya Hanga ilianzishwa mwaka 1957. Zege lolote la umri huo, popote lilipo, limevuta hewa kwa karibu miaka 70. Kadiri hewa inavyoingia ndani ndivyo inavyopunguza mwendo: ikiingia milimita 10 kwa miaka 9, itahitaji miaka 36 kufika 20. Maana yake, ukiuzidisha mara mbili unene wa zege linalofunika nondo, muda wa kinga huzidi mara nne. Hiyo ndiyo kazi ya biskuti, vile vipande vya saruji vinavyoiinua nondo kutoka kwenye mbao. Ni bei ndogo, ndiyo maana husahaulika.

Ufa unaofuata mstari wa nondo, wenye doa la kahawia, unastahili nyundo. Zege zima hulia kavu. Lililoachana na nondo hulia kama debe tupu. Kisha bandua kidogo, udondoshee fenolifthaleini, kemikali inayoonyesha alkali: penye waridi kinga ipo, pasipobadilika rangi imekwisha. Mhandisi huongeza kipimo cha umeme, akilinganisha nondo na shaba iliyo ndani ya salfeti ya shaba; chini ya milivolti −350, uwezekano wa kutu unapita asilimia 90. Ni uwezekano tu. Chuma kilichobaki hujulikana kwa kuifukua nondo na kuipima.

Tarehe 14 Agosti 2018 daraja la Morandi, Genoa, Italia, lilianguka na kuua watu 43. Nyaya zake za chuma zilivikwa zege ili zilindwe. Zege hilohilo likawaficha wakaguzi kutu.

Basi fundi akija na ndoo ya lipu, mpokee vizuri, mshikishe nyundo kwanza.