Pedi Isiyo na Waya na Jasho la Pwani

Jua likishazama na joto la Ngamiani, Tanga, kuanza kupungua, banda la gemu ndiyo kwanza linachangamka. Runinga mbili, benchi moja, watoto wamejazana nyuma ya wachezaji, na sheria inajulikana: anayefungwa anapisha. Mchezaji anaachia kijiti cha kushoto cha pedi ili apige pasi, lakini beki wake anaendelea kutembea taratibu kuelekea golini kwake mwenyewe. Kelele zinapanda. "Hiyo pedi inatembea yenyewe, kaka!"

Chanzo cha ugonjwa huo kiko chini ya kijiti. Fundi akifungua skrubu za mgongoni na kuinua bodi, anakuta kijiti kimebanwa na visanduku viwili vidogo: kimoja husoma kulia na kushoto, kingine mbele na nyuma. Ndani ya kila kisanduku mna utepe mwembamba wa kaboni, na juu yake kijiulimi cha chuma kinachosugua kila gumba linaposogea. Swichi ya sauti ya redio ya zamani hufanya kazi hivyo hivyo, ndiyo maana ikizeeka hukwaruza ukiizungusha. Kaboni ikilika, pedi hupeleka habari za uongo: gumba halipo, lakini mashine inaamini kijiti kimesukumwa. Na kwenye banda, ambako pedi moja hupokezana mikono kutwa nzima, kaboni hiyo haipumziki.

Dawa yake ni ya siku nyingi. Mwaka 1879, Mmarekani Edwin Hall aligundua kwamba sumaku huweza kuathiri umeme unaopita kwenye bamba la metali bila kuligusa. Sega waliutumia ugunduzi huo kwenye pedi ya mashine yao ya Saturn mwaka 1996, kisha kwenye Dreamcast: sumaku ndogo chini ya kijiti, sensa pembeni yake, na hakuna kinachosuguana na kingine. Baadaye watengenezaji wakubwa wengi walibaki na kaboni. Waliorudisha sumaku madukani ni kampuni ndogo za China, kama GuliKit na 8BitDo.

8BitDo ya Shenzhen ilianzishwa mwaka 2013, na mwaka 2022 ilitoa pedi iitwayo Ultimate. Toleo lake la Bluetooth lina vijiti vya sumaku, vitufe viwili vya ziada mgongoni pale vidole vinapolala, na kitako cha kuchajia ambacho pedi husimama juu yake kama simu ya mezani. Kijiti cha namna hii mkononi ni laini, hakina mkwaruzo, na kikiachiwa hurudi katikati.

Hapa pana jambo ambalo wanunuzi wengi hulichanganya. Pedi ya kampuni nyingine, tofauti na iliyotengeneza mashine, si pedi feki. Feki huvaa nembo ya mwenzake na kujificha humo. Ikiharibika, aliyeitengeneza hapatikani. Kampuni kama 8BitDo huandika jina lao mbele ya pedi, na jina hilo ndilo litakalobeba lawama. Hata hivyo, pedi nzuri si lazima ifae kila mashine. Nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya kompyuta, simu za Android au Nintendo Switch, na hazitawasha gemu la PlayStation. Swali la kwanza dukani liwe hilo, kabla ya rangi na kabla ya bei.

Kukosa waya nako ni faraja kubwa bandani, maana waya hukanyagwa, huvutwa na mwishowe hukatikia shingoni. Lakini njia za hewani hazifanani. Bluetooth huunganika na vifaa vingi bila kuchomeka kitu, ila mara nyingi huchelewa kidogo. Kipokezi kidogo cha 2.4 GHz kinachochomekwa kwenye mashine kwa kawaida ni cha haraka zaidi. Baadhi ya pedi hupeleka habari kwa njia hiyo mara 1,000 kwa sekunde. Kwa anayepiga penalti, tofauti hiyo anaihisi kabla hajaweza kuieleza.

Sumaku haiponyi kila kitu, hasa Tanga, ambako unyevunyevu wa bahari huingia hadi kabatini. Mpira laini uliopakwa kwenye vishikio hupendeza ukiwa mpya, lakini joto, unyevu na jasho huweza kuugeuza ukawa kama gundi inayonata viganjani. Plastiki ngumu yenye vinundu vidogo hudumu zaidi na hufutika kwa kitambaa. Tundu la kuchajia nalo hupata kutu. Mwenye pedi yenye kitako ana nafuu, kwa kuwa haingizi na kuchomoa waya kila usiku.

Majaribio ya dukani hayachukui hata dakika tano. Mnunuzi avizungushe vijiti vyote viwili polepole hadi mwisho, akisikiliza kama kuna mkwaruzo. Abonyeze kila kitufe, aone kama kinarudi chenyewe au kinabaki chini. Kisha aombe gemu la mpira liwashwe, amkimbize mchezaji mmoja mpaka kwenye kibendera cha kona, aiweke pedi mezani na kuondoa mikono. Kijana yule kwenye runinga anapaswa kusimama pale pale alipoachwa.