Hukumu iliyosimama juu ya uongo hupingwa namna gani?

Swali hili linaturudia mara nyingi hapa Lubumbashi: karatasi ya tribunali inamfunga mtu au kumzuia kurudi kwake, naye anajua kwamba mashahidi walidanganya. Afanye nini?

Mji wetu una mfano unaojulikana. Juni 2016 Tribunali ya Amani ya Lubumbashi ilimhukumu Moïse Katumbi, gavana wa zamani wa Katanga, kifungo cha miaka 3 katika kesi ya nyumba, kwa hati zilizodaiwa kuwa za uongo. Yeye alikuwa nje ya nchi. Mwezi uliofuata hakimu Chantal Ramazani Wazuri, mkuu wa tribunali hiyo, aliandika barua akisema alilazimishwa kutia sahihi. Serikali ilikana. Agosti 2018 Katumbi alifika mpaka wa Kasumbalesa akazuiwa kuingia. Hukumu ilifutwa na Mahakama ya Kasasyo Aprili 2019, na tarehe 20 Mei akatua tena Lubumbashi. Miaka karibu 3, kwa mtu mwenye mawakili wengi!

Asiye na mawakili ana siku chache tu. Sheria yetu inaruhusu kupinga hukumu iliyotolewa mtu asipokuwepo: siku 10 katika kesi ya jinai, 15 katika kesi ya madai, tangu alipokabidhiwa karatasi mkononi. Ndugu wengine humkimbia mjumbe wa tribunali, wakidhani karatasi isiyopokelewa haina nguvu. Tunawaambia wazi: mnajidhuru. Pokea, andika tarehe, nenda kwa karani uombe nakala ya hukumu, na upeleke upingamizi wako kabla siku hazijaisha. Wakati huo usirudi kwenye nyumba kwa nguvu, hata kama ni yako. Utampa adui yako kesi ya pili, na hii itakuwa ya kweli.

Shahidi aliyeapa akadanganya anaweza kushitakiwa kwa mwendesha mashitaka. Kifungu cha 128 cha sheria ya jinai kinamtishia kifungo hadi miaka 5. Lakini hasira haitoshi. Lete risiti, barua, jirani aliyeona.

Nabothi aliuawa kwa maneno ya watu wawili tu. Ndiyo maana wazee wa kanisa wanaoletewa karatasi Jumapili baada ya ibada, “tieni tu sahihi, ni ndugu yetu”, wasome kwanza kila mstari, na wakatae kuthibitisha jambo ambalo hawakuliona.