Na Chali Ako Wapi?

Kila yuth ya kanisa mtaani iko na lile swali. Pasi akisema tuulize chochote, kuna msee ataandika kwa kakaratasi bila jina: kushikana mikono ni dhambi? Kubusu je? Na kama tunapanga kuoana? Watu wanacheka, pasi anachora laini: hapa fiti, hapa noma. Shida ni kwamba tukishapewa laini tunaisukuma tuone itafika wapi, na Biblia haiongelei dhambi hivyo.

Cheki vile inaongea. Yohana kwa waraka wake wa kwanza, sura ya 3, anasema dhambi ni kuasi sheria ya Mungu. Hiyo tunaijua wote. Lakini Yakobo, sura ya 4, anasema ukijua jema na ukadinda kulifanya, umetenda dhambi. Paulo anaambia Warumi, sura ya 14, kwamba hata kitu unafanya na roho inakukatalia, kwako ni dhambi. Alafu Yesu kwa Mathayo 5 anaenda ndani zaidi: mwanaume akimcheki mwanamke na kumtamani, ashazini naye moyoni. Hapo anayebongeshwa ni mwenye macho. Yesu hajamwambia mresh abadilishe luku.

Mi naamini ngono ni ya ndani ya ndoa, na najua hiyo msimamo inaonekana ya kizamani kwa mtaa umejaa kam-wi-stei. Sijaja kuipunguza makali. Chenye kinaniuma ni mahali tunaelekeza kidole. Mresh wa kwaya akishika ball, anatolewa kwaya, anaketishwa viti za nyuma, na kuna makanisa anasimamishwa mbele ya watu aungame. Chali mwenye alimdunga hiyo ball? Jumapili hiyohiyo ako kwa kinanda, anapiga wimbo wa sadaka.

Hii stori iko kwa Mwanzo 38, na sijui mbona haihubiriwangi kwa yuth. Tamari alifiwa na bwana yake, mtoto wa Yuda. Akapewa ndugu ya huyo marehemu kulingana na desturi, naye akakufa. Yuda akamwambia arudi kwao angoje Shela, kijana wake mdogo, akue. Shela akakua, na Tamari akasahaulika, mjane hana bwana, hana mtoto, hana mahali. Bibi ya Yuda akaaga. Siku moja Yuda akielekea Timna kukata kondoo manyoya, Tamari akajifunika uso akaketi kando ya barabara. Yuda akadhani ni kahaba, wakaelewana bei: mwana-mbuzi. Kwa vile mbuzi hakuwa naye hapo, akaacha rehani ya muhuri wake, kamba yake na fimbo yake.

Miezi mitatu baadaye ripoti inafika: Tamari ana mimba. Yuda hakuuliza swali hata moja. Akasema atolewe nje achomwe. Mzae mwenye alilala naye ndio anatoa hukumu! Tamari akiwa anatolewa akatuma zile vitu tatu na ujumbe mfupi, kwamba mwenye hizi ndio baba. Yuda akazitambua, na hapo mbele ya watu akakubali kwamba Tamari ana haki kuliko yeye. Ukifungua Mathayo sura ya 1, kwa ukoo wa Yesu, jina la Tamari liko pale, halijafichwa.

Sasa angalia Korintho, mji wa bandari penye Paulo alikaa mwaka mmoja na nusu. Kuna ile mistari ya mwili kuwa hekalu la Roho, 1 Wakorintho 6. Wamresh wetu wameimbiwa hiyo tangu Sande skuli, mara nyingi wakipimwa urefu wa sketi. Soma mistari imetangulia. Paulo alikuwa anakanya wanaume wa kanisa wenye walikuwa wanaendea makahaba na kujitetea ati kila kitu ni halali kwao. Ni hao aliambia wahepe zinaa. Na sura ya 5, kesi ya mtu amechukua bibi ya baba yake, mwenye Paulo aliagiza atengwe na kanisa ni mwanaume. Hiyo mistari yote ni ya machali kabla iwe ya mtu mwingine.

Yohana 8 unaijua, mwanamke aliletwa kwa Yesu akisemekana amenaswa live akizini. Wasomi husema hiyo stori haimo kwa nakala za zamani kabisa za Yohana, lakini kanisa limeishika karne nyingi. Sheria yenye washtaki wake walikuwa wanaitaja, Walawi 20, inataka wote wawili. Wakaleta mmoja.

Na kuna kesi penye mresh hana dhambi yoyote. Kumbukumbu la Torati 22 inasema msichana akishikwa kwa nguvu shambani, yeye hana kosa, na inalinganisha hiyo kitu na mtu kuuawa. Kenya nayo, Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006 inasema mtu mzima akilala na mtoto wa chini ya miaka 18, huyo mtu ametenda jinai, hata kama mtoto alisema sawa. Kwa hivyo kumsimamisha wa miaka 15 mbele ya kanisa atubu mimba ya mubaba ni kumbebesha dhambi ya mtu mwingine. Kanisa likijua hiyo, linafaa kufika polisi, sio kupanga siku ya kuungama.

Kuungama mbele ya watu kwenyewe sikatai. Uamsho wenye ulishika Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 na kufika Kenya 1937 ulijengwa juu ya hiyo. Lakini watu wa huo uamsho, wenye waliitwa Ndugu, walikuwa wanasimama wenyewe, wanaume kwa wanawake, wanasema uzinzi wao, wanasema wizi wao, na kuna wenye walirudisha mali waliiba. Hakuna mtu alikuwa anachaguliwa juu tumbo limeonekana.

Chali, kama ni wewe, usingoje muhuri wako uletwe mbele ya watu. Enda uongee na mathe ya huyo mresh. Mpeleke kliniki, uketi naye kwa ile foleni. Mwambie pasi mwenyewe, kabla aulize, na utoke kwa kinanda kama yeye ametolewa kwaya. Na nyinyi wengine mnaimba soprano naye, mpigieni simu leo muulize kama amekula.